Sura ya Sita: Meli Zilezile, Bahari Ndefu

Shirika la meli linaloahidi kupakia mzigo Shanghai kila Jumatatu na kuufikisha Rotterdam haliwezi kutimiza ahadi hiyo kwa meli moja. Meli ikienda na kurudi, ukijumlisha siku za kushusha na kupakia njiani, humaliza karibu wiki kumi na mbili. Ili kila Jumatatu pawe na meli gatini, zinahitajika meli kumi na mbili zinazofuatana wiki baada ya wiki. Sasa ongeza siku kumi za kwenda na siku kumi za kurudi. Mzunguko umefika wiki kumi na tano. Meli zilezile, zenye manahodha walewale na injini zilezile, haziwezi tena kuzitosheleza Jumatatu zote. Ama zitafutwe meli tatu zaidi, ama kuna Jumatatu ambazo gati litakaa tupu. Hakuna meli iliyozama wala iliyouzwa kwa wakataji vyuma, lakini nafasi ya mizigo imepungua kwa moja ya tano. Imemezwa na safari yenyewe.

Ndivyo ilivyokuwa kuanzia Desemba 2023. Wahouthi wa Yemen waliiteka meli ya kubeba magari, Galaxy Leader, tarehe 19 Novemba, kisha wakaanza kurusha makombora na droni dhidi ya meli zilizokuwa zikipita Bab el-Mandeb, mlango wa Bahari ya Shamu. Kufikia katikati ya Desemba, Maersk, MSC, Hapag-Lloyd na CMA CGM zilikuwa zimesimamisha safari za Bahari ya Shamu na kuzielekeza meli zao Rasi ya Tumaini Jema, kule kusini mwa Afrika. Zilizopigwa zilikuwa chache sana ukilinganisha na zilizokimbia. Rubymar ilizama Machi 2024 ikiwa na shehena ya mbolea, na siku chache baadaye mabaharia watatu wa True Confidence wakauawa. Bima ya vita ikapanda, na hesabu za wenye meli zikamalizia kazi: afadhali mafuta zaidi na siku zaidi kuliko kombora.

Kuna kejeli hapa ambayo wenye meli hawapendi kukumbushwa. Wakati wa korona walitengeneza faida ambayo biashara hiyo haikuwa imewahi kuiona. Kipimo cha bei cha kampuni ya Drewry ya London kilionyesha kontena la futi arobaini likifikia dola 10,377 mnamo Septemba 2021, ilhali kabla ya janga wastani ulikuwa dola 1,420. Faida hiyo wakaigeuza oda za meli mpya. Meli zikaanza kushuka majini mwaka 2023, bei ikaporomoka hadi kukaribia pale ilipokuwa kabla ya janga, na wachambuzi wakaanza kuhesabu ni nani atakayefilisika kwanza. Kisha Bahari ya Shamu ikafungika. Meli zilizokuwa za ziada zikapata kazi ghafla, na kufikia Julai 2024 kipimo kilekile kilikuwa kimekaribia dola 6,000. Vita vya watu wengine vilikuja kuwaokoa na wingi wa meli zao wenyewe.

Mkulima wa Machakos hakuwa na hisa katika meli hizo. Yeye alikuwa na miembe.

Tukubaliane kwanza mahali Machakos ilipo katika biashara hii. Kutoka Kilindini, bandari ya Mombasa, hadi mji wa Machakos ni zaidi ya kilomita 400 za lami, na mtu anaweza kudhani kwamba umbali unaohesabika ni huo. Sivyo. Sehemu kubwa ya makontena ya Mombasa hayapandi meli kubwa inayokwenda Ulaya au Asia moja kwa moja. Hupanda meli ndogo hadi bandari za kubadilishia mizigo, kama Salalah kule Oman, Jebel Ali ya Dubai, Colombo au Singapore, na huko ndiko husubiri meli kubwa. Ni kama abiria wa kijijini ambaye lazima ashuke mjini na kungoja basi la mbali: basi likibadilisha njia, matatu yake ya asubuhi kufika kwa wakati hakumsaidii kitu.

Na basi lilibadilisha njia kweli. Salalah iko kwenye njia ya kuelekea mlango wa Bahari ya Shamu, na meli kubwa zilizokuwa zikipita hapo zikielekea Suez hazikuwa na sababu ya kupita tena. Zilikata Bahari ya Hindi kwa chini, karibu na Mauritius zaidi kuliko Mombasa, zikaizunguka Afrika bila kutia nanga katika bandari zake nyingi. Wale waliotangaza kwamba kuzungushwa kwa meli kutaineemesha pwani yetu walisoma ramani wakasahau ratiba. Meli ya kontena elfu ishirini ambayo imeshachelewa siku kumi haikati kona kwenda kuchukua mzigo wa kontena mia mbili.

Nitakuwa mwadilifu: kuna kilichopatikana. Mwaka 2024 bandari ya Mombasa ilivuka kwa mara ya kwanza makontena milioni 2 ya futi ishirini, na sehemu ya ongezeko hilo ilikuwa mizigo ya kubadilishiwa meli ambayo bandari za kaskazini zilishindwa kuihudumia. Lamu nayo, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021 na likakaa muda mrefu likitafuta wateja, ilianza kupata meli. Lakini kontena linaloshushwa Mombasa na kupakiwa tena kwenda nchi nyingine halimsaidii mtu wa Kathiani, kule Machakos. Linashika nafasi uwanjani, linaingia kwenye takwimu na kwenye hotuba, kisha linaondoka.

Sasa turudi kwenye miembe. Msimu wa maembe ya Ukambani hupamba moto kati ya Desemba na Machi. Kwa hiyo meli zilianza kuzunguka Afrika wiki zilezile ambazo matawi ya Mwala, Masii na Kathiani yalikuwa yanainamia chini. Ni bahati mbaya tu ya kalenda, lakini sura nzima hii imo ndani ya kalenda hiyo. Embe lililochumwa likiwa limekomaa ila bado bichi, likawekwa kwenye kontena la baridi, lina wiki tatu au nne za kuishi likiwa bado na thamani sokoni. Parachichi likitunzwa vizuri huvumilia zaidi, lakini si sana. Safari ya Mombasa hadi bandari za kaskazini mwa Ulaya ilikuwa ikichukua takriban wiki nne kupitia Suez. Kwa kuzunguka Rasi ikawa wiki sita, na wakati mwingine zaidi. Ukiweka namba hizo mbili kando kwa kando utaona kwamba tatizo la matunda halikuwa nauli tu. Kulikuwa na safari ambazo kwa nauli yoyote ile zisingefaa.

Hata hivyo, maembe ya Machakos hayakuwa yakienda Ulaya kwa wingi. Kenya ilijizuia yenyewe kuyapeleka huko mwaka 2014 kwa sababu ya nzi wa matunda, na mlango ulifunguliwa tena mwaka 2021 kwa tahadhari kubwa. Soko la nje la maembe yetu ni Ghuba hasa. Na hapa lazima tuwe waangalifu, kwa maana njia ya Mombasa hadi Dubai haipiti Bab el-Mandeb kabisa. Inapita mashariki ya Yemen na Oman na kuingia Hormuz. Aliyepeleka Jeddah alikuwa na shida ya moja kwa moja, kwani Jeddah imo ndani ya Bahari ya Shamu. Aliyepeleka Dubai alipaswa, kwa mujibu wa ramani, kulala usingizi mnono.

Lakini bei haifuati ramani. Kontena la baridi linalokaa wiki mbili zaidi baharini kati ya Mombasa na Rotterdam ni kontena ambalo halipo Kilindini kumsubiri mwenye embe la Dubai. Na tunda lililokosa safari halilali. Linarudi Nairobi, kwenye soko lilelile la Wakulima ambalo watu wote huliita Marikiti, kushindana na lile ambalo halikuwahi kuwa na ndoto ya kupanda meli. Januari, chini ya miembe, maongezi huwa ya namna hii:

"Mwaitu, bei ya wiki jana haipo tena. Meli zinazunguka Afrika Kusini."

"Meli gani, kijana wangu? Si wewe unapeleka Marikiti na kanta?"

"Hata Marikiti imejaa, mwaitu. Yale ya kwenda nje yamerudi."

Broka wa namna hii husema kweli nusu na kuipunguza bei nzima. Sehemu kubwa mno ya maembe ya Kenya huliwa hapahapa nchini, na mama huyo ana haki ya kushuku kwamba habari za mbali zimekuja kusaidia kushusha bei ya karibu. Ila hana njia ya kuhakikisha. Broka anayo simu ya wakala wa mizigo. Mama anayo matunda ambayo yataanza kudondoka yenyewe ifikapo wiki ijayo. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba misukosuko ya bahari humfikia mkulima mdogo kidogokidogo tu. Humfikia haraka kuliko inavyomfikia mtu mwingine yeyote, kwa sababu kila aliye juu yake ana mtu wa kumtupia gharama, na yeye hana.

Tazama jinsi gharama inavyoshuka ngazi. Msafirishaji wa matunda mara nyingi hauzi kwa bei iliyokwisha kukubaliwa. Hutuma mzigo, mnunuzi wa ng'ambo huuza, kisha hutoa nauli, ushuru, gharama za chumba cha baridi na kamisheni yake, na kinachobaki ndicho hurudi Nairobi. Tuseme, kwa mfano tu, kilo moja ya parachichi imeuzwa shilingi 300 Rotterdam, na makato yote ni 200. Anabaki na 100 za kugawana na kiwanda cha kupakia, lori na mkulima. Nauli na siku za ziada zikiongeza makato kwa shilingi 40, bei ya Rotterdam haijashuka hata senti, lakini mfuko wa huku umepungua kwa asilimia 40. Na kama theluthi ya kontena imefika imelainika, hesabu hugeuka kuwa deni. Bei ya mkulima ni masalio. Yeyote anayevuta kutoka juu anavuta kutoka kwake.

Kahawa ya Kangundo na Matungulu ilinusurika vizuri zaidi, na sababu ni rahisi: haiozi. Gunia linaweza kukaa baharini wiki tatu za ziada na lisipoteze kitu ila uvumilivu wa mwenye benki aliyemkopesha mnunuzi. Tena bahati iliingilia kati. Bei ya arabika duniani ilipanda kwa kasi mwaka 2024 na kupita dola 4 kwa ratili Februari 2025, hivyo gharama ya nauli ikafunikwa. Maharagwe mabichi ya Yatta na Matuu, yanayomwagiliwa na mfereji uliochimbwa na wafungwa wa Mau Mau miaka ya 1950, husafiri kwa ndege, na mtu angedhani hayajui bahari ni nini. Lakini wenye viwanda wa Asia walipoona meli zimechelewa, sehemu ya mizigo yao ilihamia angani, na ndege ya mizigo, kama meli, hufuata anayelipa vizuri.

Jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha ni kontena tupu. Wakenya hununua kutoka nje zaidi kuliko wanavyouza, kwa hiyo makontena mengi huingia yamejaa na kutoka matupu. Ukisikia hivyo utadhani mwenye mzigo wa kupeleka nje hawezi kukosa kontena. Hukosa. Kontena lililoleta nguo za mitumba au vigae si lazima lifae kahawa: mkaguzi huingia ndani, hufunga mlango na kutazama kama kuna mwanga unaopenya kwenye paa, hunusa sakafu kutafuta harufu ya dawa au mafuta, hupitisha mkono kwenye kuta akitafuta kutu. Likishindwa, linarudishwa na linatafutwa jingine. Kisha kuna saa inayokwenda: aliyeleta mzigo ameweka amana na amepewa siku kadhaa za kulirudisha kontena Mombasa, na akizidisha analipishwa kwa siku. Kwa hiyo hata kama kontena limeshushwa Mlolongo, saa moja tu kutoka kwa mwenye kahawa, mara nyingi hulirudisha pwani upesi likiwa tupu, na mwenye kahawa hulipia jingine lipande juu kutoka pwani hiyohiyo. Malori mawili, yote nusu ya safari matupu, yanapishana Emali, njiani.

Mwaka 2021 uhaba huo wa kontena ulifikia kilele. Kontena lililokuwa likipakiwa Shanghai kwenda Los Angeles lilikuwa na faida kubwa hivi kwamba mashirika ya meli yalipendelea kulirudisha Asia tupu, haraka, kuliko kulingoja lijazwe majani ya chai au kahawa mahali kama Mombasa. Machi mwaka huo Ever Given, yenye urefu wa mita 400, ilikwama Suez siku sita na dunia nzima ikaitazama. Picha ile ilitufundisha kwamba msukosuko wa bahari ni meli kubwa iliyokwama mchangani. Kwa msafirishaji wa Kenya msukosuko ulikuwa uwanja ambao hauna kontena safi.

Si mara ya kwanza njia kuhama. Mfereji wa Suez ulifungwa kwa vita Juni 1967 na haukufunguliwa hadi Juni 1975, na kwa miaka minane meli za Mombasa kwenda London zilisafiri zaidi ya maili 2,000 za baharini za ziada. Na Machakos yenyewe ina kumbukumbu kongwe kuliko hiyo. Wafanyabiashara Wakamba waliteremsha pembe za ndovu hadi pwani katika karne ya 19, na Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilijenga kituo chake hapa mwaka 1889, mahali ambapo misafara ilipata chakula. Machakos ikawa makao ya utawala wa bara. Reli ikapita nyanda za Kapiti na Athi, ikauacha mji milimani, ikafika Nairobi Mei 1899, na mwaka huohuo ofisi zikafuata reli. Machakos haikuharibika wala haikuhamishwa. Njia tu ndiyo iliyokwenda kando.

Kata ya kaunti iliyoguswa na reli, Athi River, ndiyo iliyopata kiwanda cha nyama, viwanda vya saruji na, baada ya sheria ya mwaka 1990, eneo la viwanda vya bidhaa za kuuzwa nje. Huko hushonwa suruali za Marekani kwa vitambaa vinavyotoka Asia. Bahari inakigusa kiwanda hicho mara mbili. Kitambaa kikichelewa wiki mbili, mashine zinakaa na mafundi wanaambiwa wabaki nyumbani. Kisha tarehe ya mnunuzi inabaki palepale, na kazi ya mwezi inafanywa kwa wiki mbili za saa za ziada. Nguo zikichelewa bado, kiwanda hukubali kupunguza bei au hulipia ndege. Faida ya oda nzima inaweza kupaa na ndege moja.

Mbolea pia ina tarehe yake. Mvua ambayo Machakos huitegemea zaidi ni ile ya vuli, Oktoba hadi Desemba, na wengi hupanda mahindi na mbaazi mvua ikikaribia au siku zake za kwanza kabisa. Mbolea inayofika ghala la Bodi ya Nafaka katikati ya Novemba ni ya msimu ujao, haijalishi imepunguzwa bei kiasi gani. Mwaka 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, gunia la kilo 50 lilipita shilingi 6,000 madukani. Serikali ikalishusha hadi 3,500 na baadaye 2,500 kwa ruzuku. Mjadala wote ulikuwa wa bei. Ningependa tungeuliza kwa ukali uleule meli ya mbolea ilipangiwa kutia nanga tarehe gani.

Nina mashaka na dawa inayotajwa kila mara, yaani gati jingine. Kilindini imeongezewa kituo cha pili cha kontena, awamu ya kwanza mwaka 2016 na ya pili 2022. Tulijenga reli mpya, tukalazimisha mizigo iipande, kisha Septemba 2022 amri ikaondolewa. Yote hayo yalihusu upana wa mlango. Kilichomuumiza mwenye embe ni kukosa uwezo wa kungoja. Chumba cha baridi kilicho karibu na shamba humpa siku kadhaa za kubishana na broka. Kiwanda cha Kalamba, jirani zetu Makueni, kilichofunguliwa mwaka 2017, hugeuza maembe kuwa rojo ambayo ikifungwa vizuri kwenye pipa hukaa miezi mingi. Pipa hilo halijali kama meli imepitia Suez au Cape Town. Pesa zilizotumika kukijenga kiwanda hicho ni chembe ya zile za reli.

Wanaongoja Bahari ya Shamu itulie wajue pia kwamba utulivu una gharama yake. Siku meli zote zitakaporudi Suez, ile moja ya tano iliyomezwa itatemwa kwa mpigo, juu ya meli mpya zilizozinduliwa tangu hapo. Nauli itaporomoka, na mashirika yatafanya yanayofanya siku zote nauli ikiporomoka: yatafuta safari na kuruka bandari zenye mzigo mdogo. Wiki za kwanza, meli zilizotangulia kwa Rasi na zilizofuata kwa Suez zitafika Ulaya pamoja, Rotterdam na Antwerp zitajaa, na makontena ya baridi yatakaa kwenye foleni huko huku Kilindini ikiyasubiri. Msafirishaji anayefunga mikataba ya Januari aiweke hiyo kwenye hesabu zake kuanzia Oktoba, na asikubali kutajiwa tarehe ya kufika bila kutajiwa jina la meli ya pili, ile kubwa itakayoupokea mzigo.